Ng'ombe Aliyebaki Kibakwe

Kabla hajafa, mume wangu aliomba kitu kimoja tu: azikwe ndani ya zizi lake, amefungwa katika ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe. Kwetu Ugogo hilo halikuwa ombi kubwa. Mwenye nyumba alizikwa hivyo, na baba yake alizikwa hivyo. Lakini siku aliponiambia, zizi lilikuwa tupu. Samadi ilikuwa imekauka hata kunuka ilikuwa imeacha.

Ni mambo ya wakati wa Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani, mwishoni mwa utawala wao. Nayaandika nikiwa mzee. Nilisoma shule ya misheni misimu michache, mpaka baba aliponitoa niolewe, kwa hiyo msomaji asitegemee kwangu maneno makubwa. Nataka tu kueleza namna wazo moja lilivyoingia nyumbani kwetu na namna lilivyotoka. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nimelifikiria miaka mingi, na bado siwezi kusema lilikuwa baya.

Tulikaa Nkuhungu, ambako siku hizo kulikuwa na tembe chache, nyumba zetu za paa la udongo, vichaka vya miiba na njia ya kwenda stesheni Dodoma. Mume wangu alirithi ng'ombe, lakini ungefika kwetu ungemdhani maskini, maana zizini walikuwamo wachache tu. Wengine walikuwa kwa marafiki. Ndivyo watu wetu walivyofuga. Unampelekea rafiki ng'ombe jike, yeye anakamua maziwa, anatumia samadi shambani, anamchunga kama wake. Ndama ni wako. Na wewe unakaa na ng'ombe wa watu wengine kwa namna hiyohiyo. Ugonjwa ukiingia kwenye zizi lako, wale walio mbali wanapona. Mvua ikikosekana kwako, unakwenda kule walikonyeshewa, unasema umekuja kumwona ng'ombe wako, na unarudi na mtama kichwani. Hakuna anayekuuliza mtama umeufuata kwa haki gani.

Marafiki wake wakubwa walikuwa wawili. Mmoja alikaa Mlali, mtu mpole wa maneno machache. Mwingine alikaa Kibakwe, milimani, na watu wa upande ule ni watani wetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Alipokuja kwetu hakuwahi kubisha hodi. Tulimsikia tangu njiani: "Fungieni mbuzi, mwizi wa Kibakwe amefika!" Mume wangu naye alijibu, "Mbuzi hatuna, utaiba chawa!" Kisha wanacheka na kukaa chini, nami naweka sufuria jikoni.

Lakini mtindo huo ulikuwa na ubovu wake, nao niuseme. Baba mkwe wangu alipofariki, ng'ombe wake wengine walipotea kwa maneno. Mmoja alisema, "Yule alikufa zamani." Mwingine alisema fisi. Mwingine alikana kabisa, akasema marehemu alimpa, si kwamba alimwekea. Mume wangu alikuwa kijana, akatembea nyumba kwa nyumba akirudishwa mikono mitupu. Aibu ile haikumtoka. Nadhani ndiyo maana mwalimu alipokuja kusema aliyoyasema, yeye aliyasikia kuliko sisi wengine.

Mwalimu huyo alitoka pwani. Alikuwa kijana msafi, mwenye kanzu na kofia, aliyesomeshwa katika shule ya serikali na Mdachi mmoja aliyempenda kwa akili yake. Alifundisha kusoma kwenye banda karibu na stesheni, jioni, watu wakitoka kazini. Mume wangu alikuwa akipakua mizigo ya gari la moshi ili apate pesa za kodi ya nyumba waliyotoza Wadachi, akawa anapita darasani. Mimi nilikwenda pamoja naye, maana herufi nilikuwa nimeanza kuzisahau. Tulikaa nyuma, wanawake kama watatu.

Mwalimu alipochoka na herufi alitueleza mambo ya ulimwengu. Siku moja alitueleza utajiri unatoka wapi. Alisema mataifa makubwa hayakutajirika kwa bahati. Walikaa watu wenye fikra wakajiuliza kwa nini nchi moja inashiba na nyingine inalala njaa. Wakaona kwamba mtu mmoja akichimba chumvi tu, na mwingine akifua majembe tu, kisha wakabadilishana, wote wawili wanapata chumvi nyingi na majembe mengi kuliko kila mmoja angefanya yote peke yake. Hilo halikutushangaza. Tulikuwa tukikwangua chumvi mbugani na kuipeleka milimani tangu enzi za bibi zetu.

Halafu akasema jambo la pili. Zamani huko Ulaya, alisema, malisho yalikuwa ya watu wote. Kila mtu alipeleka kondoo wake na hakuna aliyejali nyasi, kwa kuwa hazikuwa na mwenyewe. Nchi ikawa vumbi. Ndipo wenye akili wakazungushia ua sehemu zao, wakatunza kilicho ndani, na huo ukawa mwanzo wa utajiri.

"Na waliobaki nje ya ua?" aliuliza mzee mmoja aliyekuja darasani kila siku na hakuwahi kujifunza hata herufi moja. Alikuja kupumzika kivulini.

"Walikwenda mijini kufanya kazi viwandani."

"Kwa kupenda?"

Mwalimu alicheka kidogo. "Mzee, njaa haimwulizi mtu kama anapenda."

"Basi mwalimu wako Mdachi amekueleza habari ya aliyezungusha ua. Habari ya aliyetoka hakukueleza."

Watu walicheka, na mwalimu alicheka pia. Hakuwa mtu wa majivuno. Akaendelea kwa mfano wa ng'ombe. Alisema mali ni kitu ambacho mwenyewe anaweza kukiona, kukitunza, na kukiuza leo akitaka. "Ng'ombe wako aliye Kibakwe," alimwambia mume wangu, kwa kuwa habari zetu alizijua, "unaweza kumuuza leo?"

"Leo siwezi."

"Unajua leo kama yu hai?"



"Na nani amekuambia anataka kumuuza?" alidakia mzee. "Hebu mwalimu, wewe ng'ombe wako wako wapi?"

"Mimi sina ng'ombe, mzee."

"Ndiyo maana unawajua vizuri."

Banda zima lilicheka, isipokuwa mume wangu. Alikuwa akitazama mikono yake. Tuliporudi nyumbani alisimama kwenye ua wetu wa miiba akaliangalia zizi. "Unajua leo kama yu hai," alisema polepole. Nilijua alikuwa anamfikiria baba yake.

Kiangazi kilipoingia alifunga safari kwenda kukusanya ng'ombe wake. Alianza na Mlali. Yule rafiki mpole hakubisha. Alimtolea ng'ombe wote pamoja na ndama, akamsindikiza hadi mwisho wa mashamba. Lakini mke wake alimletea mume wangu kibuyu cha maziwa ambacho mimi nilimpa miaka ya nyuma. Alikuwa amekiosha, kikavu, hakina kitu ndani. Mume wangu alikileta nyumbani akanikabidhi bila kuelewa alichobeba. Mimi nilielewa, maana chombo cha rafiki hakirudishwi kitupu, nikakitundika ukutani.

Kutoka Kibakwe alirudi mikono mitupu. "Amekataa," aliniambia, hata vumbi hajapangusa. "Ameniambia, 'Ng'ombe ni wako, sibishi. Lakini hatoki.' Nikamwuliza, 'Kama ni wangu kwa nini asitoke?' Akasema, 'Kwa sababu yuko kwake.' Ni mwizi yule."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na siku zote lilifuatwa na kicheko. Safari hii hakucheka. Alikwenda kumshtaki kwa akida, mtu wa serikali. Akida alisikiliza, akasema haki iko kwake, lakini hakumtuma askari milimani kwa ajili ya jike mmoja. Basi mume wangu akakataza mtu huyo asitajwe ndani ya nyumba yetu.

Nitasema ukweli wa miaka iliyofuata. Nilifurahi. Zizi lilijaa, na asubuhi sauti zao zilikuwa kubwa hata mtoto wetu wa kwanza aliamka akicheka. Maziwa tulikunywa tukabakiza. Watu waliopita njia ya stesheni walisimama kutazama. Mume wangu alijua kila mnyama, nani ana mimba, nani anachechemea, na usingizi wake ukawa wa mtu aliyetua mzigo. Mwalimu alikuja kututembelea akakaa kwenye kigoda, akafurahi kama mtu anayeona mbegu yake imeota. Hakuna aliyekuwa amedanganya mtu. Kila alichokisema kilikuwa mbele yetu, kinatafuna.

Nyasi za karibu ndizo zilizoanza kuisha. Ikabidi kupeleka ng'ombe mbali zaidi kila mwezi. Kisha mvua zikawa chache msimu mmoja, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na pa kwenda. Ungefika Mlali ungesema umekuja kuona nini? Tuliuza mbuzi, tukala kidogo. Wageni wakapungua. Zamani haukupita mwezi bila mtu kulala kwetu, akija kuona ng'ombe wake au kutuletea habari za ng'ombe wetu. Sasa ng'ombe wetu walikuwa mbele ya macho yetu, na habari zao tulizijua wenyewe.

Halafu ikaja vita ya Wazungu. Majeshi yalihitaji nyama. Askari walifika Nkuhungu na hawakuuliza mtu njia, kwa kuwa zizi letu lilijulikana hadi stesheni. Kwa jirani zetu walikuta mmoja hapa, wawili pale, wakapita. Kwetu waliona hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Mkubwa wao alimpa mume wangu hati, akasema atalipwa vita ikiisha. Mume wangu alijua kusoma wakati huo, akaisoma yote akiwa amesimama, huku ng'ombe wakipita pembeni yake mmoja mmoja. Hati ilikuwa imeandikwa vizuri.

Mwezi uliofuata walimrudia yeye mwenyewe, wakamtia kwenye wapagazi. Alibeba mizigo ya jeshi sijui hadi wapi, hakuwa akipenda kueleza. Mwalimu naye walimchukua kuwa karani, akapanda gari la moshi na kanzu yake, na sikumwona tena. Mume wangu alirudi kiangazi akiwa mifupa na kikohozi. Alipokuwa anaomba kuzikwa kwa ngozi alikuwa hana nguvu ya kugeuka kitandani. "Msinifunge mkeka kama mpita njia," aliniambia.

Nilimwitikia, lakini ngozi nitaitoa wapi? Majirani waliobaki na ng'ombe walikuwa wamewaficha porini, na kumchinja mmoja ilikuwa kuita askari. Nikafikiria nani anadaiwa na nyumba yetu jambo lolote. Nilifikiria usiku na mchana. Hapakuwa na mtu. Alikuwa amekusanya kila kitu. Hakuna nyumba iliyobaki na ng'ombe wake, kwa hiyo hakuna nyumba iliyobaki na sababu ya kuja kwetu.

Ilikuwa imebaki moja tu. Wakapita wachuuzi wanaokwenda Mpwapwa, nikawapa ujumbe bila mgonjwa kusikia. Nikawaambia, mkipata mtu wa Kibakwe, mwambieni mwizi kwamba mwenye mali hatafika masika.

Hakufika mtu siku ile wala siku zilizofuata. Mume wangu akafa alfajiri moja, mkono wake ukiwa kwenye kanga yangu.

Shemeji yangu, mdogo wake, alichimba kaburi zizini pamoja na vijana. Akaleta mkeka. "Shemeji, jua linapanda," alisema.

"Tungoje kidogo."

"Tumngoje nani? Nani atakuja nyumba hii?"

"Tungoje kidogo tu, baba."

Aliweka mkeka ukutani akaenda kukaa na wanaume. Wanawake waliacha kulia, wakawa wanaangalia chini. Jua lilivuka utosi. Alisimama tena, akauchukua mkeka bila kunitazama. Ndipo tukasikia sauti njiani.

"Fungieni mbuzi, mwizi amefika!"

Alikuja mwembamba, mweupe kwa vumbi, akiswaga dume jeusi lenye baka jeupe tumboni. Hakumsalimu mtu. Alimfunga dume kwenye nguzo ya zizi, akaenda moja kwa moja hadi kaburini, akachungulia.

"Yuko wapi mshtaki wangu? Nimeitwa kwenye shauri, nimetembea porini kama nguruwe nikikwepa askari, nafika mshtaki amelala!" Akarukia ndani ya kaburi, akajinyoosha chali. "Na hili mmemchimbia nani, mbuzi? Miguu yangu inakunjika! Wagogo mna uchoyo hata wa udongo?"

Mtu mmoja alicheka. Kisha mwingine. Shemeji yangu, aliyekuwa na mkeka mkononi, aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na hata leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

"Sitoki," alisema mtani kutoka shimoni. "Mpaka aje mwenyewe aniambie tena mimi ni mwizi."

Hapo akajifunika uso kwa viganja. Hatukumtazama. Mtani hutakiwa kuchekesha, na tulimwachia nafasi amalize kazi yake.

"Basi nilipeni nitoke," alisema mwishowe.

Kumlipa mtani msibani ni lazima. Niliingia ndani nikatafuta. Nilikuwa na bonge la chumvi ya mbugani, basi. Nilimpa akalilamba, akakunja uso. "Chumvi ya kwenu chungu kama nyinyi." Akalitia mfukoni kwa uangalifu, akatoka.

Tulipokuwa tunangoja wanaume wachinje, alikuja kukaa karibu nami, sasa bila mzaha.

"Pole, shemeji. Huyu dume ni mtoto wa yule jike. Nisikudanganye, ndama wake wa kwanza alikufa. Wa pili tulimla mwaka wa ukame. Huyu ndiye wa tatu."

"Kwa nini ulimkatalia?"

Alifikiria. "Mke wangu alikuwa amejifungua, maziwa hayatoki. Jike lile ndilo lililomlea mtoto. Hiyo ndiyo sababu, usiitafute nzuri zaidi." Akachokonoa udongo kwa kidole. "Na halafu, yeye hakuwa anakuja Kibakwe kuniona mimi. Alikuwa anakuja kuona ng'ombe. Ningemrudishia, angekuja kufanya nini?"

Tulimzika kabla jua halijazama, katika ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, kama alivyoomba. Nyama waliigawa haraka, moto mdogo, ili moshi usionekane mbali. Kibuyu cha Mlali nilikitoa ukutani nikakitumia kuwanywesha watu maji.

Mtani alikaa nasi hadi tulipomaliza matanga. Asubuhi ya kuondoka aliuliza mbele ya shemeji yangu kama masika yakipita amlete yule jike, kwa kuwa sasa mwenyewe hayupo.

"Mlete," alisema shemeji. "Mali ya marehemu irudi nyumbani."

"Aendelee kukaa kule," nilisema.

"Mwanamke hana neno juu ya ng'ombe."

"Ni kweli. Lakini ukimleta utamfunga wapi? Juu ya kaka yako?"

Shemeji alitazama zizini, udongo mpya ukiwa katikati. Mtani alichukua fimbo yake akaenda zake.

Wadachi waliondoka muda si mrefu baada ya hapo, na njaa iliyokuja nyuma yao wenzangu wa umri huu wanaijua. Sitasema kwamba ng'ombe mmoja wa Kibakwe alituokoa. Mtoto wangu mdogo hakupona. Mkubwa alipona, na mtama alioula sehemu yake ulitoka milimani. Hati ya jeshi niliitunza miaka mingi, mpaka mchwa walipoila.

Wakati mwingine hujibizana na mwalimu kichwani mwangu. Huwa nataka kumwambia kwamba alituuliza vizuri: unajua leo kama yu hai? Sikuwa najua. Ilinibidi niende kuona. Kila kiangazi, mpaka miguu iliponikatalia, nilibeba chumvi kichwani nikapanda Kibakwe kumtazama yule jike, na baadaye binti yake, na baadaye mjukuu wake. Nilipofika karibu na nyumba, kabla sijabisha hodi, nilimsikia mtani wetu, sasa naye mzee, akipaza sauti kwa wajukuu wake ndani: "Fungeni mlango, mwenye mali amekuja!"